Kisima Nilichochimba Baharini

Kwetu mtu akikuita mara moja huitikii. Hata kama sauti unaijua, hata kama ni ya mtoto uliyemzaa mwenyewe, unakaa kimya mpaka aite tena. Aliye hai ataita tena, maana ana shida na wewe. Yule mwingine huita mara moja tu. Mama yangu alinifundisha hivyo tukiwa mtoni Mazingara, tunachimba maji mchangani wakati wa kiangazi. Nami nikamfundisha binti yangu, na binti yangu alipofariki nikamfundisha mtoto aliyemwacha. Ndiyo maana mjukuu wangu akinipigia simu, ya kwanza anaiacha ilie mpaka ikate. Ya pili ndiyo napokea. Jirani zangu pale Mkata wananicheka, wanasema bibi huyu anadhani mashetani nao wananunua vocha. Wacheke. Kuna siku nitawaeleza, wataacha.

Huyo mjukuu nilimlea tangu hajaota meno. Mama yake aliolewa na Mshambaa wa Mashewa. Mashewa si mbali, ukishafika Korogwe umefika nusu ya safari, lakini binti yangu alikuwa na pumu tangu utotoni. Kifua chake kilikuwa kikipiga mluzi mwembamba, unapanda na kushuka, mpaka ukilala naye chumba kimoja unajikuta na wewe unahema kama yeye. Pumu ilimbana huko siku ya mvua, barabara imekatika. Nilipofika nilikuta kaburi limeshamwagiwa maji. Mkwe wangu alilia mbele yangu, kisha baadaye akaoa tena, na sikumlaumu. Mtoto nikamfunga mgongoni kwa khanga ya mama yake nikarudi naye Mkata.

Nikamsomesha kwa machungwa. Basi likisimama nakimbia na beseni kichwani, nainua machungwa mpaka dirishani, narudi. Mimi mwenyewe niliishia darasa la nne, baba alisema inatosha. Huyu hakuishia popote. Alipita sekondari Korogwe, akapita chuo Dar es Salaam, na kila alipopita mimi nilikuwa pale barabarani nikiwaambia abiria nisiowajua. Akaja kupata mafunzo ya kazi upande wa Kenya, karibu na mji wa pwani unaoitwa Malindi, kwenye kituo cha mambo ya anga. Kazi yao ni kusikiliza vyombo vinavyoizunguka dunia huko juu.

"Kusikiliza mbinguni?" akasema mama mmoja anayeuza mkaa pembeni yangu. "Wanaosikiliza mbinguni ni mashetani, nao hupigwa kwa vimondo. Mwambie mjukuu wako avae kofia."

"Wako anasikiliza nini?" nikamuuliza. "Anasikiliza redio ya jirani."

Akageukia mkaa wake.

Sasa shida ilianza hapo. Mjukuu wangu akapata nafasi ya kwenda ng'ambo kusoma zaidi, nchi ya theluji, na si mwaka mmoja. Kwetu binti hasafiri bila maji. Bibi yake anachimba kisima mchangani kwa mikono yake, si kwa jembe wala kwa kopo, anayachota maji ya kwanza kinywani, anampulizia msafiri kifuani na kusema, "Nenda urudi." Msafiri anajibu, "Nimekwenda, nimerudi," kana kwamba safari imekwisha tayari. Hapo ndipo anapobeba mzigo wake. Nilimpulizia alipokwenda Korogwe, nilimpulizia alipokwenda Dar es Salaam, nilimpulizia alipokwenda Kenya. Lakini hata mama yake nilimpulizia siku anakwenda Mashewa. Maji yaleyale, kinywa hikihiki. Aliponiambia habari ya ng'ambo, kinywa changu kilikataa. Nilimwambia kwenye simu, "Nimechoka kupuliza. Mama yako alikwenda hapo tu na hakurudi. Wewe unataka kwenda kwenye theluji."

 Kisha akasema, "Bila maji yako siendi, mke mwenzangu. Nafasi watampa mwingine." Ananiita mke mwenza, nami namwita hivyo, maana babu yake marehemu alikuwa akisema huyu ndiye mke wake mdogo.

"Wampe," nikasema.

"Njoo basi uone ninachofanya. Ukishaona, ukikataa, nitarudi na wewe Mkata tuuze machungwa."

Hilo nililipenda. Nikafunga safari ya kwenda kumrudisha. Nilibeba machungwa, unga wa muhogo wa kupikia ugali wa bada, na mboga ya mchunga iliyokaushwa. Chupa ya maji ya mtoni, ambayo yeyote angeibeba akijua anakokwenda kuna mtoto anayengoja kubarikiwa, niliiacha juu ya kichanja. Niliiacha makusudi. Nilijua ataiulizia, na nilitaka nimwambie sina.

Aliiulizia hata kabla hajanipokea mzigo vizuri pale stendi ya Malindi. Aliniamkia, akanikumbatia, halafu nikahisi mkono wake unapapasa ndani ya kikapu.

"Unatafuta nini?"

"Chungwa," akasema.

"Machungwa yako juu. Chini hakuna kitu."

Akatoa mkono. Akakifunika kikapu vizuri, akakibeba.

Siku hiyo alinitembeza mjini kama mtalii. Tulipita kwenye mnara wa mawe wa Wareno, umesimama juu ya mwamba, mweupe, hauna mlango wala dirisha, nikamuuliza unafaa nini, akasema ulikuwa wa kuonyesha njia, nikasema basi kazi yake imekwisha, wangeuvunja wajengee choo cha shule. Tulipita kwa wazee wa Kizungu waliokaa nje ya mkahawa, ngozi zao zimeiva kama ndizi za kuchoma, wananisalimia kwa Kiswahili kizuri kunishinda. Tukashuka ufukweni. Nilitegemea maji ya buluu kama kwenye kalenda. Yalikuwa na rangi ya kutu, rangi ya shamba letu likishalimwa.

"Ni mto huo, bibi. Unashuka na udongo wa bara, unaumwaga hapa."

Nikasimama kutazama. Mashamba ya watu wa bara, watu kama mimi, yamefika hapa, yanazunguka humo majini, yanapiga pwani na kurudi. Nilijiuliza kama makaburi nayo hubebwa. Sikumwambia hilo. Nilisema tu, "Bahari hii inakula," tukaondoka.

Jioni tulikwenda kwenye chumba alichopanga, kijiji cha karibu na kituo. Mwenye nyumba alikuwa mama wa rika langu, Mgiriama, mjane kama mimi, mnene, mcheshi. Tulielewana upesi kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa na haya.

"Karibu, wa bara," akasema. "Bahari umeiona?"

"Nimeiona. Chafu."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia kwamba alipokuwa msichana, wakubwa wa kituo walikuwa wakirusha vyombo kutoka kwenye meza za chuma zilizosimama baharini. Moto unapanda, ardhi inatetemeka, mbuzi wanakata kamba, kuku wanaacha mayai. Kisha kitu kinapotea juu, na anga inakaa kimya kama hakuna kilichotokea. "Siku hizi hawarushi," akasema. "Meza zenyewe ziko pale pale. Hakuna mtu juu yake. Lakini usiku wa upepo unasikia chuma kinalia, utadhani kuna anayekivuta."

Kabla hatujalala alinionya jambo moja. "Kesho ukikaa pwani, angalia adhuhuri. Maji yatakupwa sana, mwezi umepevuka. Usiyafuate." Mimi kupwa kwa maji sikujua ni nini hasa. Kwetu mto ukikauka unakauka mpaka mvua nyingine. Nilimwitikia tu kama mgeni anavyoitikia.

Asubuhi mjukuu alinipeleka kituoni, ameniombea ruhusa. Getini walinipa kitambulisho nivae shingoni. Nikauona ungo wao wa kusikilizia. Ungo mkubwa kupita msikiti wetu, mweupe, umeinuliwa kutazama juu. Nikasema, "Kwetu ungo una kazi mbili. Kupepetea mahindi, na ile nyingine ya wanaosafiri usiku uchi."

"Bibi! Usiseme hivyo mbele ya watu."

"Mbona unacheka?"

Alikuwa akicheka kweli, na mimi nilikuwa nacheka, halafu ungo ukageuka.

Hakuna aliyeugusa. Uwanja ulikuwa mtupu, nyasi tu na jua. Uligeuka taratibu, bila haraka, kama ng'ombe anavyogeuza kichwa kukutazama unapopita zizini, na ulikuwa unalia ndani yake, mlio wa chini kabisa nilioupata kwa nyayo kabla ya masikio. Ukatazama juu ya vichwa vyetu, ukaendelea, ukasimama umeelekea bara. Nilimshika mjukuu mkono.

"Unafuata kitu," akasema. "Kuna chombo kinapita sasa hivi."

"Kiko wapi?"

Akanyoosha kidole angani. Nilimpiga kofi mkononi. Kwetu kitu usichokijua hukinyooshei kidole, unakunja ngumi. Akakunja ngumi, mtoto mwenye shahada, akanionyesha kwa ngumi. Palikuwa hapana kitu. Anga tupu, nyeupe kwa joto.

Akaniingiza chumba chenye baridi, akanikalisha, akasema sasa atanisikilizisha kitu ambacho si kazi ya kituo, ni chake mwenyewe anachokifuatilia kwa kupenda. Alikuwa amekihifadhi kwenye kompyuta yake. "Hiki chombo kilikufa, bibi. Zamani, kabla mimi sijazaliwa. Waliokirusha walishakiacha. Betri zake zimekwisha. Lakini kila kikitoka gizani jua likakipiga, kinaamka, kinaita. Kikiingia kivulini kinakufa tena."

"Kinamwita nani?"

"Yeyote."

"Na nyinyi mnakiitikia?"

"Hatukiitikii. Tunasikiliza tu."

"Mna adabu," nikasema.

Akanivalisha vile vya masikioni. Mwanzoni nilisikia kama mchele unamwagwa kwenye sinia, mwingi, hauishi. Kisha ndani ya ule mchele ukatokea mluzi. Mwembamba. Ukaanza juu, ukashuka, ukashuka zaidi, ukakatika, ukaanza tena. Kwa namna ule mluzi ulivyokuwa unavuta pumzi kabla ya kushuka, mwili wangu uliutambua kabla yangu. Nilijikuta nahema nao. Nilijikuta ninafanya vile nilivyokuwa nikifanya usiku wa utoto wa binti yangu, nahesabu kimoyomoyo kama atavuta pumzi nyingine.

Nikavivua.

"Umesikia?" macho yake yanang'aa. "Nataka kwenda kusomea hivi, bibi. Namna ya kuvijua vilivyokufa vikiita. Viko vingi."

Mtoto huyu hakuwahi kumsikia mama yake akihema. Alikuwa mchanga mno. Sikumwambia alichonisikilizisha. Nilisema chumba kina baridi, nataka jua.

Akanipeleka chini ya miti ya mivinje, pwani, akanitandikia mkeka, akaniachia maji ya kunywa na maandazi. Yeye alikuwa na kazi ndani kidogo. "Usiondoke hapa, mke mwenzangu. Nikirudi tutaongea."

Nilijua tutaongea nini. Nilikaa pale nikipanga maneno. Nitamwambia sina maji. Nitamwambia maji yangu hayafai, mama yako ni ushahidi. Nitamwambia tutapanda basi kesho. Upepo ulikuwa umeacha. Mivinje ile huwa haina kimya, inanong'ona muda wote, lakini nayo ilinyamaza. Nilipoinua macho kutoka kwenye mkeka bahari ilikuwa imeondoka.

Sisemi imepungua. Ilikuwa imeondoka. Pale palipokuwa na maji asubuhi palikuwa mchanga mtupu, umejikunja mistari mistari kama kitanda cha mto kiangazi, unakwenda mbali mpaka unatetemeka kwa jua. Mashua ziliachwa zimelala ubavu. Mbali kabisa, meza za chuma zimesimama kwa miguu yao mirefu, nyeusi, na chini yake uzi mwembamba wa maji. Hapakuwa na mtu. Hata ndege hawakuwapo. Jua lilikuwa utosini, mimi mwenyewe sikuwa na kivuli.

Mtu wa pwani angekaa. Mimi nimekulia kwenye mito ya Handeni. Nikiona mchanga wa namna ile miguu yangu inajua la kufanya, inakwenda. Nilivua viatu nikaingia. Mchanga ulikuwa mgumu, wa baridi chini ya joto. Nikatembea kama ninavyotembea nikienda kuchota, nikitazama mahali mchanga ulipokuwa na weusi kidogo, maana hapo ndipo maji huwa karibu. Sikuwa na nia ya kuchimba. Nilikuwa natembea tu. Nilipogeuka mivinje ilikuwa midogo kama mbegu za mtama.

Hapo nikaitwa.

"Mamaa!"

Ilitokea mbele, upande wa meza za chuma, upande usio na mtu. Neno moja, limevutwa mwishoni na kupandishwa, vile binti yangu alivyokuwa akiniita kutoka ng'ambo ya mto akitaka nimsubiri. Si kama yake. Ilikuwa yake. Hata kile kikwaruzo cha kifua kilikuwamo.

Nilisimama. "Abee" ilifika mpaka kwenye meno nikaibana hapo. Nikangoja aite tena. Niseme ukweli, sikuwa nangoja kwa woga. Nilikuwa naomba aite tena. Kama angeita tena ningeitikia na ningekwenda, potelea mbali, bahari au si bahari.

Hakuita.

Nikakaa palepale. Nilikaa kama unavyokaa kisimani, mguu mmoja huku mmoja huku, na mikono ikaanza yenyewe. Nilichimba. Sikuamua. Unatoa mchanga unaweka pembeni, unatoa unaweka, na kingo zikiporomoka unazibana kwa kiganja. Nililia huku nachimba, machozi na kamasi, kwa sababu mtoto wangu alikuwa ameniita nami sikumwitikia. Shimo likafika kiwikoni. Maji yakaanza kupanda chini, machafu kwanza, kisha yakajisafisha yenyewe kama kawaida. Nikatia kiganja nikaonja, mazoea tu, nikijua nitakutana na chumvi.

Yalikuwa matamu.

Nikaonja tena. Maji baridi ya kunywa, yenye ile ladha ya udongo ya mto wetu nyuma ya ulimi. Katikati ya bahari. Nywele zikanisimama chini ya mtandio. Ile chupa niliyoiacha juu ya kichanja makusudi, mtu alikuwa ameniletea.

Sasa nikaogopa kwelikweli. Maji anayoonyesha marehemu ni ya nini? Ya kumpulizia mwanawe aende, au ya kutuchukua wote wawili? Nikainua macho niombe, ndipo nikaona mchanga niliopita umekuwa mdogo. Maji yalikuwa yanarudi. Na hayakuja kwa mawimbi wala kelele, ningeyasikia. Yalikuja kwa pembeni, kimya, yanajaza mabonde kwanza, yameshapita nyuma yangu. Kati yangu na mivinje palikuwa na mto.

Na ng'ambo ya ule mto kulikuwa na mtu anakimbia.

"Bibi! Bibi! Bibi wee! Bibi!"

Huyu hakuacha. Aliita akikimbia, aliita akianguka, aliita akiingia majini na gauni lake la kazini na kitambulisho kinarukaruka shingoni. Hakuna aliye hai aliyepata kuniita mara nyingi hivyo. Nyuma yangu kimya, mbele yangu yule mtoto anapasua koo. Basi nikajua naitikia upande gani. Niliinama nikachota maji ya kisima kwa viganja viwili nikajaza kinywa.

Kwa hiyo sikuweza kumjibu. Nilisimama nimevimba mashavu, namwangalia anavuka maji yamemfika kiunoni, anapiga kelele, "Bibi, nijibu! Kwa nini hunijibu?" Alidhani nimepatwa na kitu. Alipofika akanishika mabega akanitikisa. Maji yalikuwa yanashindana na mimi kinywani. Kuyameza niliogopa, kuyatema niliogopa. Nikamtazama kifuani, kilikuwa kinapanda na kushuka, kizima, hakina mluzi.

Nikapuliza. Nilipuliza yote mpaka nikabaki mkavu.

"Nenda urudi," nikasema.

Alishtuka, akajishika kifua. Akatazama chini akaona shimo langu, lile lenye kingo za kubana kwa kiganja analolijua tangu mdogo, na maji ya bahari tayari yanaingia ndani yake, na kuingia kwenyewe hakukuwa na sauti. 

"Nimekwenda," akasema. "Nimerudi."

"Haya nitoe humu, nguo zinalowa."

Alinivusha kwa mgongo. Nilimbeba yeye kutoka Mashewa, yeye akanibeba kutoka baharini, na njia nzima sikugeuka nyuma. Tulipokanyaga mkeka nilimuuliza kama kabla ya kuja aliniita kwa jina la mama. Akasema hapana, alikuwa ndani, alipotoka tu akaona mkeka mtupu na alama za nyayo zangu. "Mimi sijawahi kukuita mama, bibi. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau.

Jioni nilimweleza mwenye nyumba, nikaacha ile habari ya sauti. Nilimwambia kisima tu. Alikuwa anapepeta mchele, akaacha. "Matamu? Una hakika?" Akasema bibi zake walikuwa wakichota maji mahali fulani mchangani, bahari ikitoka, miaka ya ukame. Mahali penyewe palipotea kabla yeye hajazaliwa, mchanga umehama, na watu wameshachimba wakitafuta, wanapata chumvi. "Wewe nani alikuonyesha?"

"Miguu," nikasema.

Akaushika ungo wake tena. Hakunitania tena kwa habari ya bara.

Mjukuu wangu aliondoka. Yuko kwenye theluji, ananitumia picha, amevaa makoti mpaka anafanana na gunia la mkaa, na yule mama wa mkaa nimemwonyesha. Ananipigia, ya kwanza inakata, ya pili napokea. Anasema huko nako wana ungo, mkubwa zaidi. Anasema kile chombo chake bado kinaita.

Juzi, jua likiwa utosini, nilikuwa mezani kwangu na machungwa, hakuna basi, barabara nyeupe, mbwa wamelala. Simu ikalia. Ikakata. Nikaishika mkononi kungoja ya pili. Nilingoja mpaka basi la Tanga likaja likaondoka na sikuuza hata chungwa moja. Nikampelekea kijana wa chipsi ile simu yangu ya kiswaswadu, ya vitufe, aniangalizie ni nani.

"Bibi, leo hujapigiwa na mtu," akasema. "Ya mwisho ni ya jana."

Baadaye mjukuu alipopiga, ya kwanza na ya pili, nilimuuliza kama yu mzima. Mzima. Kifua? "Kifua kizuri, mke mwenzangu. Mbona unauliza?" Nikasema nauliza tu, baridi.

Kesho yake nilikwenda mtoni. Nilichimba kwa mikono, nikangoja maji yajisafishe, nikayaonja. Yalikuwa na chumvi kidogo, kidogo sana, labda ni kinywa changu. Nikayamwaga juu ya mchanga upande wa Mashewa. Halafu nikamwita binti yangu jina lake, kwa sauti, sikujali nani anasikia. Nikanyamaza kidogo. Kisha nikamwita tena, ajue anayemwita yu hai.